Mikono ya Stanslaus Mihayo, Fundi wa Kutetemesha Zege

Ndugu waombolezaji, wakubwa shikamooni, mimi ni Donatus Jilala, mdogo wa marehemu, familia imenituma nieleze maisha yake, nami nitayaeleza yote, hata yale ambayo baadhi yenu mngependa yasitajwe leo.

Stanslaus Mihayo Jilala alizaliwa Usanda, Shinyanga, mwaka 1917, mtoto wa pili wa Mzee Jilala na Mama Mageni, akabatizwa Desemba 1928, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1932 baba alipomhitaji kwenye ng'ombe. Tarehe 4 Juni 1938 alifunga ndoa na Zipora, wakajaliwa watoto watatu, Justa, Valerian na Januari.

Mwaka 1946 aliajiriwa Mwadui na mkandarasi wa majengo, akawekwa kwenye mashine za kutetemesha zege, kazi ambayo wengi wenu hamjaiona. Zege likimwagwa hubaki na mapengo ya hewa ndani, mashine hulitetemesha hadi lishikane. Kwenye misingi na nguzo alizamisha bomba la chuma lenye mpira mrefu, wenzake wakiliita nyoka, kwenye kuta nyembamba alifunga mashine nje ya mbao zinazolishikilia zege, kwenye sakafu alivuta ile bapa inayopita juu, na matofali aliyafyatua kwenye meza inayotetemeka. Mwaka 1949 alihamishiwa kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, kujenga misingi ya mitambo ya kusaga mawe, huko alishika nyoka kutwa, miaka mitano, na aliposema vidole vinakufa ganzi, msimamizi alimjibu kwamba mikono ya Msukuma imeumbwa kwa jembe, haichoki.

Machi 1954 mashine ilimponyoka, akaachishwa kazi. Alirudi akanunua ng'ombe sita, hakuweza kumkamua hata mmoja.

Asubuhi za baridi vidole vyake viligeuka vyeupe kama chokaa, havikuhisi moto wala mwiba, na hapa kijijini ikasemwa ni ukoma. Alitengewa kata ya kunywea, pombe ya harusi akapelekewa mlangoni kwake, na kisimani Zipora aliulizwa, “Mama Justa, vidole vya baba bado ni kumi, au tuje tuhesabu?” Mei 1956 daktari wa misheni alimkata ngozi ya sikio, akaipima, akatuambia mbele ya mzee wa kanisa kwamba hana ukoma, mishipa imeharibiwa na mashine. Jambo hilo lilitangazwa kanisani Jumapili. Mwezi uliofuata wazazi wa mchumba wa Justa walikuja kuchukua ng'ombe wao wa mahari, nao wapo hapa leo, tumewapa viti.

Tarehe 9 Julai mwaka huu wa 1957, alfajiri, alikuwa akiota moto, akaegemeza mkono kwenye makaa, harufu ikamfikia Zipora kabla maumivu hayajamfikia yeye. Kidonda kilioza, sumu ikaingia kwenye damu, akafariki hospitali ya misheni Alhamisi, tarehe 15 Agosti.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, walimshika bila woga. Mkandarasi alipelekewa habari, hakuleta neno. Majirani, asanteni kwa kuni na unga, mliviacha langoni, na jana mwili ulipohitaji kuoshwa hakuna aliyelivuka lango hilo. Waliomwosha ni Thobias na Gregory, wenzake wa kazi, waliokuja kwa lori kutoka Geita, wamesimama kando ya jeneza, na mliofika asubuhi kwenye baridi mmeviona vidole vyao, ni vyeupe kama vya kaka yangu. Thobias ana watoto wanne, wote wanakula naye bakuli moja.

Jeneza halijapigwa misumari, mikono yake tumeiacha nje ya sanda. Justa yuko kichwani pa baba yake, na anayetaka kumpa pole ataushika kwanza mkono wa baba yake.

Pumzika kwa amani, kaka, mashine imezimwa.