Mabua Si Taka

Ndani ya treni, fundi cherehani alijifanya amelala, maana ugomvi wa watu baki husikika vizuri zaidi macho yakiwa yamefumbwa. Mbele yake, mtafiti alikuwa akimwonyesha mama mkulima chupa ya mafuta ya gari. “Tumeyatengeneza kwa mabua ya mahindi, mama. Taka tupu.” “Taka? Kiangazi ng'ombe wangu nitawalisha hotuba?” “Tutanunua nusu tu.” “Mwenzako naye alisema mibono inatoa mafuta, tuipande mpakani tu. Bei ikatupofusha, tukang'oa mahindi kwa mikono yetu wenyewe tupande mibono. Tukalala njaa.” “Basi kataa, mama!”

Treni ikasimama. Mama akajitwika mzigo wake. “Ningekuwa na ubavu wa kukataa, mwanangu, ningekupigia kelele za nini?”