Bwana Yunusu Maftaha, Karani Aliyepanga Mashauri kwa Maji Kujaa

Jumatano, tarehe 31 Desemba 1952, Bwana Yunusu Maftaha, karani mkuu wa baraza letu hapa pwani ya Kilwa, anatimiza miaka ishirini na tisa na miezi kumi ya kazi, na siku hiyo hiyo anastaafu. Aliingia kazini tarehe 1 Machi 1923. Tangu hapo amewatumikia maliwali wanne, amejaza madaftari hamsini na moja, na, ukiacha miezi aliyotumwa kikazi, hajakosa kikao ila mara mbili: alipofiwa na mama yake, na alipong'olewa jino. Jino hilo anadai mpaka leo kwamba silo lililokuwa likiuma.

Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa hiyo Bwana Yunusu alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla hajajua kufunga shuka vizuri. Herufi za Kizungu alizipata shule ya serikali. Alipoajiriwa alipewa meza yenye miguu mitatu na tofali moja, na kazi ya kunakili hukumu.

Wanaolalamika leo kwamba baraza linachelewesha mambo wangeliona baraza la siku zile. Kila mtu aliyeleta shauri aliambiwa neno moja tu, njoo Jumatatu. Wa mjini alikuja Jumatatu, wa Njinjo huko bara Jumatatu, wa visiwani Jumatatu. Liwali alisikiliza mashauri matano au sita, adhuhuri ikaadhiniwa, waliobaki wakaambiwa waje Jumatatu nyingine. Wa kutoka mbali hawakurudi kwao. Walikaa kwa ndugu zao mjini wiki mbili, tatu. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naambiwa miaka ile majembe yalikwisha mjini.

Bwana Yunusu aliyaona hayo kwa miaka minane, akaendelea kunakili hukumu. Alikuwa kijana, alikuwa karani mdogo, na kupanga siku hakukuwa juu yake. Mwaka 1931 ndipo alipopewa daftari la tarehe, na la kwanza alilofanya lilikuwa kosa. Analisimulia mwenyewe kwa kila karani mgeni, nami amenipa ruhusa kuliandika.

Palikuwa na mama mmoja wa Songo Songo, Mwahija binti Hasani. Mumewe, baharia, alikuwa amemwacha miaka sita bila chakula wala salamu, na bila kumpa talaka. Mama huyu aliomba baraza limvunjie ndoa, kwa kuwa mtu mwema wa kisiwani kwao alikuwa tayari kumwoa. Mume alitafutwa bandari hata bandari, akapatikana, akaletewa hati ya kuitwa. Bwana Yunusu akaandika Jumatatu, saa nne asubuhi, kama desturi. Hakutazama mwezi. Jumatatu ile mwezi ulikuwa mchanga, siku za bamvua, na kila mtoto wa pwani anajua kwamba siku za bamvua saa nne maji yamekupwa kabisa, na ufuko wetu unabaki matope matupu mpaka upeo wa macho.

Mwahija aliondoka kwao alfajiri. Mashua ikakwama mbali na nchi kavu, mlingoti wake ukionekana kutoka barazani. Saa nne Bwana Yunusu akasimama kwenye ukumbi wa nje, unaotazama bahari, akaita jina mara tatu, kama sheria inavyotaka. Mume yupo, mke hayupo. Mlingoti aliuona, akaogopa kumkatiza Liwali. Shauri likafutwa. Mwahija alifika adhuhuri, matope yamempanda mpaka kiunoni, na mumewe alikwisha kushika njia ya Lindi.

Hakugomba. Alimwambia tu, "Bwana karani, nilikuona umesimama pale unaniita. Niliitika. Hukunisikia."

Ilichukua miaka miwili na miezi minne kumpata tena yule baharia. Ndoa ilivunjwa, na Mwahija akawa huru, lakini yule aliyetaka kumwoa alikwisha kuoa kwingine na ana mtoto. Bwana Yunusu hasemi kwamba ilikuwa kudra, wala hailaumu bahari. Husema kwamba miaka ile miwili ya mtu aliipoteza yeye, kwa kutotazama juu. Akifika hapo hukuuliza kama umekwisha kuchonga penseli zako.

Baada ya hapo alitundika kalenda mbili ukutani: ya serikali, na ya mwezi aliyoichora kwa rula. Mashauri ya visiwani akayapanga siku za maji mafu tu, yasiyopwa sana, yaani mwezi saba mpaka kumi, na ishirini na mbili mpaka ishirini na tano, kwa kuhesabu siku tangu mwezi kuandama, maana siku hizo maji hujaa asubuhi na mashua hufika karibu na ngazi. Watu wa mjini akawapa Jumamosi. Watu wa bara hakuwaita kabisa wakati nafaka inaiva, kwa kuwa mwenye shamba akija barazani nguruwe nao huenda shambani.

Wa Njinjo alikuwa akiwaita wote wa njia moja siku moja, ili watembee pamoja kwa ajili ya simba. Hapo lilitokea jambo lisilokuwa katika mpango. Wazee wawili, Mikaeli na Ahmadi, waligombea mpaka wa shamba kwa miaka mitano bila kusalimiana. Walitembea siku mbili katika kundi moja, wakala chungu kimoja kwa sababu mmoja alisahau chumvi na mwingine alisahau sufuria. Walipofika barazani walimwomba karani alifute shauri lao, wameshalimaliza njiani. Tangu siku hiyo Bwana Yunusu akipanga mashauri ya mipaka huhakikisha wagomvi wanatoka kwao asubuhi moja. Anakataa kukiri kwamba ni kusudi.

Si kila mtu aliupenda utaratibu huu. Bwana Shauri mmoja mgeni, yaani mkuu wa wilaya, jina silitaji, alikuja kukagua akataka kujua kwa nini wiki moja ina mashauri ya visiwani kumi na inayofuata haina hata moja. Akaamuru turudi kwenye Jumatatu. Bwana Yunusu alijibu ndiyo Bwana, kisha akamwomba kwa adabu zote aje naye ufukweni saa nne kuwapokea wadai. Ilikuwa mwezi kumi na tano, bamvua ya mwezi mpevu. Yule bwana alitaka kuifikia mashua kwa miguu. Alirudi na kiatu kimoja. Amri ya Jumatatu hatukuisikia tena.

Mwaka 1929 mashauri yaliyokuwa yakingoja yalikuwa mia moja na kumi na mawili. Leo ni saba, na yote yana siku yake. Mwaka 1938 aliitwa Lindi miezi mitatu kuwaonyesha makarani wa huko daftari lake, akarudi na sifa nyingi na upungufu wa uzito, kwani chakula cha Lindi hakikupatana naye. Mkewe, Bi Siti, anasema mtu huyu anajua saa ya kila mashua iingiayo hapa, ila saa ya chakula cha mchana kwake haijui, na wali wake umepoa kwa miaka ishirini na tisa.

Sasa naungama la kwangu. Mimi Klementi Nikodemu, karani msaidizi, mtu wa milimani, nimefundishwa naye miaka tisa na ndiye ninayerithi meza yake. Nilikabidhiwa kutayarisha sherehe ya kumuaga. Nikaandika kadi sitini kwa mwandiko mzuri: Jumatano, tarehe 31 Desemba, saa nne asubuhi. Nikampelekea ya kwake. Alirudisha kesho yake. Pembeni aliandika kwa penseli kwamba Jumatano ni mwezi kumi na nne, na chini yake, Watu wa Songo Songo je?

Niliona haya mpaka nikatoka nje. Kadi zote sitini nimeziandika upya.

Bwana Yunusu, kwa niaba ya Liwali, wazee wa baraza, makarani na matarishi, tunakushukuru. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe minazi inayozaa, na wali wa moto kila siku ya umri wako. Sherehe ni saa kumi alasiri, maji yakiwa yamejaa. Na hata saa kumi ikipita, hatutaanza mpaka mtu wa mwisho ameshuka mashuani.