Skafu Yenye Kiraka cha Kisutu

Wasikilizaji wapendwa, naomba jambo moja kabla sijaanza. Wewe uliyevaa nguo ya kushonewa, popote ulipo, inua mikono yote miwili juu. Inabana kwapani? Kama inabana, na fundi ulimwambia imekaa vizuri, basi kipindi cha leo ni chako.

Leo tunamkumbuka fundi Sabaha Mbaruku. Sabaha Mbaruku, fundi cherehani wa soko la Nachingwea, mzaliwa wa Nkowe kule Ruangwa. Ametutoka mwezi uliopita akiwa na miaka hamsini na nane. Wengi mlimjua kwa skafu zake. Alikuwa ananunua mitumba ambayo hakuna anayeitaka, gauni lililochanika mgongoni, shati lililoungua na pasi, anaifumua, anachagua vipande vizima, anaviunga. Ukijifunga kichwani watu wanakuuliza umeagiza wapi.

Lakini leo sikuja na skafu zote. Nimekuja na skafu moja tu.

Mama yake aliitwa Bi Hajra. Alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa ni Samia, mdogo ndiye Sabaha. Sabaha aliolewa Nachingwea na Mzee Habibu. Samia alibaki Nkowe, akalima, akamuuguza mama. Mwaka mmoja, Idi ikikaribia, Sabaha alimshonea mama yake gauni la buluu lenye maua meupe. Mwisho wa pindo, kwa ndani, aliweka mishono mitatu ya uzi mwekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yake kwenye kila nguo.

Bi Hajra alilipokea, akamwombea dua mwanawe, akalifungia sandukuni. Sabaha akienda Nkowe anauliza, "Mama, gauni mbona hulivai?" Na mama anajibu, "Nalitunza, mwanangu."

Mama akafariki. Siku ya arobaini sanduku likafunguliwa ili nguo za marehemu zigawiwe. Gauni halimo. Kulikuwa na kisutu chake, ile khanga nyekundu ya harusi yake, nacho pembe moja haipo. Wakasema panya huyo. Lakini gauni zima panya hali. Sabaha akamgeukia dada yake mbele ya mashangazi na majirani.

"Dada, gauni la mama liko wapi?"

Samia akainamisha kichwa. "Mdogo wangu, sijui nikwambie nini."

"Basi wewe ni mwizi."

Neno hilo, wasikilizaji. Mate ukishayatema huyamezi. Kuanzia siku ile ndugu wawili wa tumbo moja hawakusemezana. Miaka tisa. Nasema tena, miaka tisa. Idi zilikuja zikapita, wajukuu walizaliwa huku na huku, salamu hakuna.

Mwaka wa tisa, Sabaha alikwenda Ruangwa siku ya mnada kuchambua mitumba kwa Seifu. Huyu Seifu anamwaga nguo zake juu ya turubai, unachagua mwenyewe. Sabaha akavuta pindo la buluu kutoka chini ya rundo. Akaligeuza. Mishono mitatu myekundu.

"Hili umelitoa wapi?" akauliza.

Seifu akamwambia, "Hilo si la Ulaya, fundi. Nimeuziwa na mama mmoja wa Nkowe."

Nkowe. Hakutaka kusikia zaidi. Alilikunja gauni bila kulitazama mara ya pili, akarudi nalo Nachingwea. Na ilikuwa imebaki wiki moja tu Rukaiya, binti wa Samia, aolewe. Rukaiya mwenyewe alikuwa amempelekea kadi, akamwambia, "Mama mdogo, njoo. Mengine waachie wenyewe."

Valentina, anayeuza nyanya jirani na kibanda cha fundi, ametusimulia: "Aliliweka lile gauni mezani, akasema, Valentina, hili nalishonea skafu. Wakati wa kumtunza mama wa bibi harusi nitacheza mpaka mbele, nimvishe shingoni, halafu niwaambie wakwe kitambaa kimetoka wapi. Nikamwambia fundi, hasira hasara. Akaniambia mimi niuze nyanya zangu."

Sokoni siri haina kufuli. Kufika Alhamisi nusu ya wanawake wa Nachingwea walikuwa wanatafuta usafiri wa kwenda Nkowe. Kwenye harusi ya watu wasiowajua, jamani.

Na sasa tumsikie Samia mwenyewe: "Nilikuwa nimeshapigiwa simu. Sikuogopa kwa ajili yangu, nilishazoea kuitwa vile. Nilimwogopea mwanangu. Wakwe zangu ni watu wenye maneno. Wakisikia wameoa kwa mwizi, Rukaiya atakula chakula gani kwenye nyumba ile? Lakini kumzuia mdogo wangu asije, nilishindwa."

Mnaona pale panapouma? Ndoa ya binti asiye na kosa ilikuwa mikononi mwa fundi mwenye wembe.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, Sabaha alikuwa anamalizia. Sketi yote ya lile gauni alikuwa ameshaikata vipande na kuviunga. Skafu ilipungua shibiri moja ifike urefu. Akavuta sehemu ya juu, ile ya kifua na mikono, ambayo hakuwa ameigusa. Akatia wembe kwapani ili afumue.

Wembe ukagonga uzi mweupe.

Yeye hakutumia uzi mweupe. Akageuza nguo ndani nje. Mshono wake ulikuwa umefumuliwa kitambo, na katikati pametiwa kiraka chekundu, huku na huku, makwapa yote mawili. Mishono yenyewe mirefu, imepinda, kama ya kufunga gunia la korosho. Sabaha aliijua mishono ile. Ndiyo iliyokuwa kwenye sare zake za shule alipokuwa mdogo. Na kile kiraka aliujua wekundu wake, akaujua mpaka ukingo wake mweusi. Kilikuwa kisutu cha mama. Ile pembe iliyoliwa na panya.

Valentina anasema fundi alishika futi ya kupimia, akapima kwapa, akajipima na mkono wake mwenyewe. Halafu akaketi chini, sakafuni, kwenye vinyuzi.

Wasikilizaji wapendwa, kosa lilikuwa hivi. Sabaha hakumpima mama yake. Alitaka kumshtukiza, na tangu utoto watu walimwambia, "Wewe ni Hajra mtupu." Basi alijipima yeye, akamshonea mama. Lakini yeye mikono yake ni ya cherehani. Ya mama ilikuwa ya jembe na mchi. Gauni lilimbana. Mama akajaribu kulipanua kwa mkono wake, halikupanuka. Akaona haya kumwambia, akasema analitunza, kumbe sandukuni halimo.

Angeweza kubaki nyumbani siku ya pili. Visingizio havikosekani, mguu unauma, pikipiki imeharibika. Lakini neno lake lilikuwa limeshatangulia Nkowe, na lingemmaliza dada yake hata yeye asipokuwepo. Alimalizia ile shibiri. Jumamosi akapanda bodaboda, skafu ameikumbatia kifuani.

Ngoma inapigwa. Wanawake wa Nachingwea wamejipanga mbele, hata kupepesa jicho hawataki. Sabaha alipoingia uwanjani, mpigaji akapunguza mkono bila kuambiwa. Sabaha hakucheza. Alitembea tu. Samia alikuwa amekaa mkekani pembeni ya wakwe zake, akauona ule ubuluu ukitoka kwenye mfuko, akaujua. Akafumba macho.

Sabaha akamvisha shingoni.

"Tazama, dada."

Samia hakutazama.

"Dada, tazama katikati."

Katikati ya skafu, juu kabisa ambapo kila mtu angekiona, palikuwa na kiraka cha kisutu. Hakukificha ndani. Alikishona nje, na ile mishono mirefu iliyopinda ya mama akaiacha vilevile.

Halafu Sabaha akawageukia watu, akasema kwa sauti ambayo hata wapishi nyuma ya nyumba waliisikia: "Miaka tisa nimemwita dada yangu mwizi. Hakuiba. Gauni lilimbana mama kwapani. Kipimo nilikosea mimi. Mimi, fundi."

Mkwe mmoja mwanamke akamuuliza Samia, kwa nini hukusema?

Samia akamjibu mdogo wake, si yule mkwe. "Mama aliligawa kwa mama mmoja aliyekuja kutuokotea korosho, likamkaa. Akaniapisha. Alisema, usimwambie fundi wangu, ataumia."

"Nimeumia," Sabaha akasema.

"Ndiyo. Na mimi nimeumia."

Wakakaa mkeka mmoja. Ngoma ikaendelea. Wale wageni wa Nachingwea walikula pilau na kurudi bila fitina ya kusimulia, na ilikuwa safari ndefu.

Tangu siku ile fundi Sabaha alibadilika kazini. Nguo yoyote akimaliza, kwanza unaivaa mbele yake, unainua mikono, na anakuuliza mara mbili. Ukijibu haraka haraka anakurudisha. Wateja walimcheka, wakasema fundi anasumbua.

Alizikwa Nkowe, jirani na mama yake. Skafu anayo Samia. Alikuja nayo hapa studio, ameifunga kichwani, kiraka mbele.

Tunampa pole Mzee Habibu, watoto na wajukuu. Pole Rukaiya, ambaye ndoa yake ingalipo. Pole Mama Samia, uliyebeba jina lisilo lako miaka tisa ili mama yako asivunje moyo wa mwanawe. Mungu amrehemu fundi wetu.

Na wewe unayenisikiliza, huenda kuna mtu nyumbani kwako anakwambia amelitunza, kumbe linambana. Nenda kamuulize leo. Na kama hujui uanzeje, anza kama alivyokuwa anaanza fundi Sabaha, futi shingoni, uso kwa uso na mteja:

"Inua mikono. Wapi panabana? Niambie, usinionee haya."