Maisha ya Zakaria Egau na Ukumbi Asiouingia

Yanasomwa na mdogo wake, Ikwap, nyumbani kwa marehemu, Buteba, Jumanne tarehe 23 Desemba 1969

Jamaa, majirani na marafiki mliofika, na ninyi mliozuiliwa njiani ambao mtasomewa haya baadaye: aliyelala mbele yetu ni Zakaria Egau. Wengi mlimjua kwa jambo moja tu, na hilo moja mlisimuliwa vibaya. Familia imekubaliana lielezwe leo kama lilivyokuwa, kisha liachwe.

Marehemu alizaliwa hapa Buteba mwaka 1909, mtoto wa tatu wa Imalingat na mkewe wa kwanza. Tarehe haikuandikwa na mtu. Mama yake alishikilia kwamba ulezi ulikuwa unavunwa na kwamba uchungu ulimshika akiwa shambani. Shamba lenyewe lilikuwa pande zote mbili za kijito. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imekwisha kusema kwamba upande huu ni Uganda na upande ule ni nchi nyingine, lakini watoto wa Imalingat walivuka kwenda kufukuza ndege kwenye ulezi na kurudi kula, na hakuna aliyewauliza kitu.

Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 1922, akapewa jina la Zakaria. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akatoka kwa sababu baba yake aliugua. Madarasa hayo manne aliyatumia mpaka yakachakaa. Alisoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye kipande cha sabuni, na watu wa nyumbani wakachoka naye.

Kuanzia mwaka 1931 hadi 1956 alikuwa nyapara wa barabara ya Tororo kwenda Busia. Kazi yake iliishia mpakani, na ng'ambo ilianza kazi ya nyapara mwingine. Kulikuwa na shimo moja katikati kabisa ya mpaka ambalo kila upande ulisema si lake. Egau alilijaza kokoto kila baada ya masika, na alipokaripiwa na bwana wake kwa kupeleka kokoto za Uganda nchi ya watu, alijibu kwamba gurudumu la baiskeli halina kabila. Alikatwa mshahara wa siku mbili. Masika yaliyofuata akalijaza tena.

Jumamosi tarehe 11 Agosti 1934 alifunga ndoa na Ariokot, binti wa Edimu na Alupo wa Kwapa. Hapa inabidi tuwakumbushe vijana jambo ambalo siku hizi wanalifanyia mzaha. Kwetu mwanamume haketi mahali pamoja na mama wa mkewe. Hamtazami usoni wala hasemi akimsikia, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Egau aliishika adabu hiyo kuliko mtu yeyote tunayemjua. Siku moja baada ya ibada, akiwa amevaa suruali mpya nyeupe, alimwona mama mkwe wake akija na kikapu kwenye njia nyembamba ya bondeni. Majani hayakuwapo, kulikuwa na tope tu. Aliingia kwenye tope mpaka kiunoni na kumpa mgongo mpaka mama akapita. Ariokot alifua suruali ile kwa hasira, lakini tunajua kwamba moyoni alifurahi. Si kila mwanamke aliyeheshimiwa namna hiyo kupitia mama yake.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 1960 ulianza kwa ghasia za kodi katika Bukedi yetu, na mwaka uliofuata habari zote zilikuwa za Uhuru. Waingereza walikuwa wanajiandaa kukaa London na viongozi wa Uganda wapatane jinsi ya kuondoka. Kabla ya hapo ilitumwa tume kupita kwa wananchi na kusikiliza. Kenya nao walikuwa na mazungumzo yao. Wazee wa Buteba waliona kitu kilichowatia wasiwasi: wakoloni wakiondoka kwa milango miwili, kijito chetu kitabaki kati ya nchi mbili zenye bendera mbili na askari wa aina mbili. Walitaka tume ipeleke London ombi moja, kwamba mtu mwenye shamba, ndoa au kaburi ng'ambo aachwe avuke bila kudaiwa karatasi. Kila eneo lilipewa msemaji mmoja. Walimchagua Egau kwa sababu alijulikana pande zote mbili na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alifanya mazoezi ya maneno yake akilima, na ng'ombe wake wa jembe waliisikia hotuba ile mpaka wakaizoea. Binti yake Amuge alikuwa ameolewa Chakol, ng'ambo. Hilo hakulitia katika hotuba, lakini sisi tulijua anamsemea nani.

Alhamisi tarehe 16 Februari 1961 alikwenda Tororo, kwenye ukumbi ilimokaa tume, pamoja na Ochen, mwenyekiti wa wazee, na mdogo wake anayesoma haya. Karani wa mlangoni, mtu wa kabila la Japadhola aitwaye Othieno, aliita jina lake. Egau alisukuma mlango, akaweka mguu ndani, akageuka ghafla na kutoka huku kofia imefunika uso. Kwenye benchi la mbele alikuwa ameketi Alupo, mama wa mkewe. Wanawake wa kanisa la Kwapa walikuwa wamemtuma aseme habari za wajane wanaofukuzwa mashambani. Alikuwa ameshasema, akapigiwa makofi, na wanawake waliambiwa wabaki pale mpaka mwisho. Hakujua kwamba mkwewe anakuja. Mkwewe naye hakujua kwamba yeye yuko.

Othieno alimfuata nje, akamkuta nyuma ya lori.

"Mzee, nimeita jina yako mara mbili. Mzungu anangoja."

"Mama ya bibi yangu iko ndani," Egau akasema.

Othieno hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana kwao mambo ni yale yale. "Aa, pole sana. Basi niende nimwambie polepole atoke kidogo?"

"Wapi! Mama ya bibi unamtoa kwa baraza kama kuku? Yeye pia ametumwa na watu. Wacha akae."

Ochen akaja mbio, jasho likimtoka. "Egau, Uhuru inakuja mara moja! Ingia, funga macho, sema, toka."

"Nikifunga macho yangu, masikio yake pia itafunga?"

"Basi sisi tutakufa na hii heshima yako!"

Egau akabaki nyuma ya lori. Ochen akaingia badala yake. Ochen, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema mwenye hasira nyingi, na alipoziona sura za wazungu wale kodi yote ya mwaka uliopita ilimpanda kichwani. Alizungumza kodi mpaka akaambiwa muda umekwisha na kushukuriwa sana. Habari ya mpaka haikutajwa hata kidogo.

Hatudai kwamba maneno ya nyapara mmoja wa barabara yangebadilisha kilichoamuliwa London. Pengine yangetiwa kwenye faili yakaliwa na mchwa. Lakini yangekuwa yamesemwa, na hilo ndilo lililomtesa.

Tarehe 9 Oktoba 1962, siku ya Uhuru wetu, alichinja mbuzi na kucheza mpaka viatu vikapasuka. Tarehe 12 Desemba 1963, Kenya walipopata wao, alivuka akacheza Chakol kwa Amuge, akarudi alfajiri bila kuulizwa. Mambo hayakugeuka siku moja. Kwanza ilijengwa ofisi, kisha ukawekwa mti wa kizuizi barabarani, kisha kila nchi ikatoa pesa zake. Mwaka 1967, akirudi na mihogo kutoka shamba la baba yake la ng'ambo, alidaiwa karatasi ya kuonyesha mihogo hiyo ni ya nani. Aliiweka chini yote, akaja nyumbani mikono mitupu, na shamba lile hakulilima tena.

Watu hawakumwachia apumue. Kila aliyezuiliwa barabarani alirudi akimtaja Egau. Wakakipa kizuizi kile jina la Mama Mkwe, kwa sababu hakipitiki. Wengine mliokaa hapa mlicheka. Jioni jina hilo lilipotamkwa kwenye chungu cha ajon, pombe yetu ya ulezi, Egau alitoa mrija wake, akaukung'uta na kuondoka. Hakukasirika kwa ajili yake mwenyewe, bali kwa ajili ya mwanamke asiye na kosa aliyegeuzwa mti wa barabarani. Kuanzia siku hiyo alikunywa nyumbani.

Alupo alipata habari za siku ile ya Tororo mwaka 1964, tena kutoka kwa watu wa soko. Alilia. Alimwita binti yake akamwambia: "Mbona hakuna mtu aliniambia? Ningetoka, nikae kwa jua. Mimi nilikuwa nimemaliza maneno yangu!" Alituma wazee waombe adabu ile ilegezwe ili wasalimiane, amwombe radhi kwa mdomo wake. Egau alikataa. Alisema aliilipia heshima hiyo kwa kitu kikubwa mno, na sasa hawezi kuiuza rahisi.

Mwezi wa Mei 1968 miguu yake ilianza kuvimba, na daktari alisema ni moyo. Mwaka mzima na zaidi Alupo alikuja kutoka Kwapa kumpikia uji wa ulezi. Alikaa jikoni huku mkwewe akilala nyumba kubwa, na bakuli lilikwenda na kurudi mikononi mwa Ariokot. Kuna siku marehemu alimuuliza mdogo wake, "Ikwap, ungekuwa wewe, ungeingia?" Ikwap alisema angeingia. Egau akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Ndiyo sababu hawakukuchagua," akasema. Baadaye kidogo akauliza swali lile lile tena, na safari hii hakucheka. Ikwap alirudia kwamba angeingia.

Alifariki Jumapili tarehe 21 Desemba 1969, asubuhi, kabla ya kengele ya ibada. Mama Alupo yuko hapa leo. Ameketi nyuma ya jikoni, ametupa mgongo sisi na jeneza, na wanawake waliojaribu kumleta mbele amewafukuza. Amesema kama mkwewe aliweza kuishika adabu hata kwenye kitanda cha ugonjwa, basi na yeye ataweza leo.

Marehemu ameacha mjane, Ariokot. Wana wawili, Imalingat, mwalimu hapa Busia, na Edimu, mkulima. Mke wa Imalingat, Taaka wa Majanji, aliyemhudumia kama baba mzazi. Wajukuu kumi na mmoja. Mama mkwe wake, Alupo. Na mdogo wake, Ikwap.

Ameacha pia binti yake wa kwanza, Amuge. Kwa sababu ya hali ya hatari iliyotangazwa wiki iliyopita Rais alipopigwa risasi, askari hawampitishi mtu asiye na kibali. Tumetuma ujumbe kwa wakubwa mara mbili tangu jana. Asubuhi hii mtu wa baiskeli alileta maneno yake: "Waambie wasimfunike baba. Mimi nasimama hapa kwa mti, na watoto. Naona moshi ya nyumbani."

Mchungaji amekubali kusubiri. Kaburi liko wazi, na tunawaomba wenye haraka watuvumilie. Ile sala ya kumtakia marehemu apumzike kwa amani tutaisema Amuge akiwa amesimama hapa pamoja nasi. Kwa sasa msiiseme.