Mama Lenzi na Ua la Nyuma ya Pampu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Lenzi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha mimea mikavu cha bustani yetu. Mimi, mkuu wa watunza bustani, nina thelathini na minne na bado nipo, lakini kadi ya kuaga imeandikwa jina lake, basi tumseme yeye.

Alikuja binti mwembamba, lenzi inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, ndipo tukampa jina. Kazi yake ni kutambua mimea. Kazi yangu ni kuiotesha, kuimwagilia na kupigwa jua. Wageni wakifika humuulizia yeye. Mimi huniuliza choo kiko wapi.

Sifa zake sizifichi. Kuna mmea uliota nyuma ya chumba cha pampu. Niliuona mimi kwanza, hilo liandikwe. Nikasema ni haradali ya porini, naing'oa tangu utotoni. Yeye akachuchumaa akahesabu: petali nne zimekaa kama msalaba, vijiti vya chavua sita, vinne virefu, viwili vifupi. Akasema ukoo ni wa haradali kweli, ila ndugu wa ukoo huo wanafanana mno, jina hatalitaja mpaka yatoke maganda ya mbegu. Akaomba usiguswe wiki tatu. Nikawachekesha wenzangu kwamba msomi mzima kashindwa na gugu.

Wiki ya tatu nikalima pale. Nilisema nimesahau. Sikusahau. Nilitaka iwe haradali, na maganda yakipotea nani atanibishia?

Hakunigombeza. Aliuliza tu, Mzee Jembe, umetupa wapi, kisha akaingia kwenye lundo la mboji na koti lake jeupe, akafukua mpaka saa ya chai ikapita. Akatoka na tawi moja, maganda manne. Yalikuwa bapa, hayana ile ncha ndefu ya haradali. Basi haikuwa haradali. Ulikuwa mmea ambao kabati zetu za mimea mikavu hazijawahi kuwa nao. Wakubwa wakaja kumpa mkono mmoja mmoja. Mimi nimeshika mpira wa maji.

Wivu ulinikaba, nasema kweli. Mwezi mzima sikumpa hata salamu.

Halafu nikatumwa kufuta vumbi kabatini, nikaikuta karatasi ya mmea ule, umebanwa vizuri. Mimi kusoma kwangu ni kwa kudonoa, lakini jina langu nalijua. Lilikuwa pale, mbele ya neno mkusanyaji, yaani aliyeupata mmea. La kwake liko chini, kwa herufi ndogo. Hakuwahi kuniambia. Ningekuwa mimi, mtaa mzima ungejua.

Mama Lenzi, asante kwa kazi. Mungu akupe afya, magoti yasiyouma na siku ndefu za kupumzika. Na Ijumaa usitoke getini haraka: kuna mkono nilikunyima, nataka nikupe mbele ya watu.