Katibu wa Bomba la Sokoni: Miaka Ishirini na Mitatu ya Bwana Abdurahman Shehe

Ifikapo tarehe 31 Desemba 1969, Bwana Abdurahman Shehe atakuwa ametimiza miaka ishirini na mitatu katika utumishi wa Chama cha Wafanyabiashara wa Ukunda na Diani, kumi na sita kati ya hiyo akiwa Katibu. Siku hiyo atakabidhi funguo za ofisi na kustaafu. Halmashauri imemtaka karani wake, Jefwa Rai, auandike wasifu huu ili usomwe kwenye hafla ya Jumamosi tarehe 20, kabla ya pilau. Baada ya pilau wanachama watainua mikono kumchagua Katibu mpya, na karani huyo ni mmoja wa wawili wanaokiomba kiti. Ni vizuri mjue mapema kwamba anayemsifu mzee huyu amekitamani kiti chake tangu wiki ya kwanza alipoajiriwa, na kwamba kazi hii ya kusifu hakuiomba.

Bwana Abdurahman ni mzaliwa wa Diani. Alisoma chuo cha Kurani, akaongeza miaka minne ya shule, na Januari 1947 akaingia Chama akiwa tarishi wa kupeleka barua kwa miguu. Wakati huo Chama chenyewe kilikuwa meza moja nyuma ya duka la Bwana Suleiman, ambaye leo ni Mwenyekiti wetu. Mwaka 1953 alifanywa Katibu. Amepigania mizani ya haki kwa wauza kopra ya nazi, saa za kufungua maduka mwezi wa Ramadhani, na barabara ya soko ambayo zamani ilikuwa ikimeza magurudumu. Lakini kilichompa jina ni maji.

Wanachama wapya waambiwe, kwa maana wao wameyakuta bombani. Visima vyetu vilikuwa vya chumvi. Sabuni ilikuwa haitoi povu, maharage yalikuwa hayaivi, na chai ya maziwa ilikatika ingali jikoni. Baada ya Uhuru ukaja mpango wa bomba kubwa la kwenda ufukweni, kwenye hoteli na majumba ya wageni, nalo lingepita kando ya soko letu bila kutuachia hata tone. Wakati huohuo ikatoka amri ya afya kwamba mkahawa au bucha isiyo na maji safi ifungwe. Chama hakikuipinga amri. Kilisema tu kwamba maji yaletwe kwanza, kufuli lije baadaye.

Maneno hayo ni ya Bwana Abdurahman, na karani aliyapiga taipu katika barua arobaini na moja. Barua zilikuwa safi, Kiingereza kimenyooka, kila nukta mahali pake. Karani huyohuyo alidamka wiki sita mfululizo kwenda visimani kuhesabu madebe na kuandika nani ameteka na kwa kazi gani. Hesabu hizo zilipofika kwa wakubwa zikaitwa takwimu za Katibu, na mpaka leo ndivyo zinavyoitwa. Barua hazikujibiwa hata moja.

Bwana Abdurahman yeye alikuwa na njia yake. Mara moja kwa mwezi alipanda basi kwenda ofisi za wilaya Kwale, kanzu imepigwa pasi, mkononi kapu la mkate wa kumimina uliopikwa na mkewe, Bi. Bimkubwa. Aliketi kwenye benchi la nje, akasalimia kuanzia mlinzi, akamuuliza mpiga taipu kama mtoto amepona surua, akamkumbusha mhudumu ahadi ya kumtembelea mama yake. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaitwa ndani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini wakubwa walikuwa wakikiinamia wakisikilize vizuri. Karani aliketi naye kwenye benchi lile, faili mapajani, akimwonea wivu.

Aprili 1965 Bwana Abdurahman alishikwa na homa, karani akatumwa peke yake. Akasema leo na mimi nitawaonyesha. Alinunua mkate, akasalimia mlinzi, mhudumu na mpiga taipu, akaitwa ndani kweli. Huko akamuuliza afisa habari za watoto, za wakwe, za ng'ombe waliobaki nyumbani, na yule bwana akafurahi akasimulia mpaka ofisi ikafungwa kwa chakula cha mchana. Karani alikuwa kwenye mteremko wa kushuka Kombani alipokumbuka kwamba hakutaja maji. Mgonjwa alipopewa habari hiyo alicheka mpaka akakaa kitako kitandani. "Si kitu, Jefwa," akasema. "Umeshajuana na watu. Maji tutayasema mwezi ujao." Afadhali angegomba.

Agosti mwaka huo, kwa benchi lile na si kwa barua zile, tukaletewa mhandisi wa maji aje aone shida yetu kwa macho na aionje kwa ulimi. Na hapa, kwa ruhusa yenu, naacha kujiita karani. Yaliyofuata yalifanywa na mimi.

Wengi wenu mnaijua habari hii kuwa ni kosa la Bwana Abdurahman, na mmemtania nayo harusini na matangani. Halikuwa lake. Mgeni mkubwa anakuja, basi nani angemwekea maji ya chumvi? Kwetu mgeni hupewa kilicho bora, na kama hakipo ndani huazimwa kwa jirani. Nikaagiza lori la Bwana Suleiman likajaze mapipa mawili kwenye kisima kitamu cha upande wa Tiwi. Dereva nilimwambia ni maagizo ya ofisi. Katibu sikumwambia kitu, kwa sababu nilitaka siku hiyo iwe yangu. Nilitaka watu waulize ni nani aliyepanga mapokezi mazuri namna hii, wajibiwe ni Jefwa.

Palikuwa na sharubati ya ukwaju, chai ya maziwa yenye iliki, na maji ya kunawa yaliyotiwa marashi. Mhandisi alikunywa vikombe vitatu akashukuru sana. Bi. Kadzo, mwenye mkahawa wa mlango wa soko, akanivuta pembeni. "Jefwa, maji haya umeyatoa wapi? Mbona huyu bwana anafurahi?" Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Bwana Abdurahman alikuwa ameonja chai yake, ameweka kikombe, ananitazama. Mbele ya mgeni hakutaka kuniumbua. Kesho yake alipanda Kwale kwenda kueleza, akakuta mhandisi ameshakwenda Mombasa. Wiki tatu baadaye ripoti ikafika: maji ya Ukunda ni matamu na yanatosha, soko halihitaji bomba. Mikahawa minne ikatiwa kufuli mwezi huohuo, wa Bi. Kadzo ukiwa wa kwanza.

Mkutano ulifanyika baada ya sala ya Ijumaa, na watu walikuwa na hasira ya haki. Mwenyekiti akauliza ni nani ofisini aliyeagiza lori. Mimi nilikuwa mezani nikiandika kumbukumbu, sijatimiza mwaka kazini, mtu wa kuja kutoka Mkongani, na mke wangu Kache ana mimba ya kwanza. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitarudi kulima. Kalamu ikasimama. Bwana Abdurahman akainuka, akairekebisha kofia yake, akasema, "Niliagiza mimi. Andika, Jefwa: Katibu ndiye aliyeagiza." Nikaandika. Baadaye akapewa onyo la maandishi, na hilo pia nililipiga taipu mimi, bila kukosea hata herufi moja.

Alirudi kwenye benchi la Kwale mara tano kabla ya kumpata tena mhandisi yule. Safari hii, Februari 1966, Bi. Kadzo alikuja na sufuria yake mwenyewe, akapika chai kwa maji ya kisima cha soko, maziwa yakakatika mgeni akiangalia. Bwana Abdurahman akamtolea kikombe kwa mikono miwili. "Hii ndiyo chai yetu, bwana. Ile ya kwanza tulikupikia wewe. Tuwie radhi." Mhandisi akanywa funda moja, akaomba aonyeshwe kisima. Novemba 1967 bomba la sokoni likafunguliwa, na makufuli yote manne yakatoka. Kila anaposifiwa kwa chai ile, Bwana Abdurahman husema ilikuwa akili ya Bi. Kadzo, na watu wakamsifu zaidi kwa kusema hivyo. Nilimwonea wivu hata kwa hilo.

Nimemwonea wivu kwa mengi. Kwa benchi lake, kwa mkate wa mkewe, kwa wakubwa wanaojua jina lake na langu hawalijui. Sasa anahamia Mkongani, kwetu, alikopata shamba la michungwa, na mama yangu ameanza kuniuliza kwa nini sisalimii majirani vizuri kama anavyosalimia Bwana Abdurahman. Lakini wivu unaoniuma kweli ni wa Ijumaa ile. Yeye aliweza kulibeba kosa lisilo lake na kesho yake akaja kazini akinitania. Mimi langu mwenyewe lilinishinda. Miaka minne mmemcheka mbele yangu, nami nimecheka pamoja nanyi. Hesabu zangu za madebe zilipoitwa zake nilinuna mwaka mzima, lakini kosa langu nilimwachia bila kinyongo.

Mwezi uliopita, tulipokuwa tukipanga mafaili, nilimfungulia ukurasa ule wa kumbukumbu nikamwambia nataka kuusahihisha kabla ya uchaguzi. Akaufunga polepole. "Waache, mwanangu. Wakikuchagua utaifanya kazi vizuri." Basi hata kiti alikuwa ananipa yeye. Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba, nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Ndiyo sababu nimeyaandika haya hapa, yasomwe kwa sauti kabla hamjala na kabla hamjainua mikono. Aliyeagiza lori ni Jefwa Rai. Kumbukumbu za Septemba 1965 nimezisahihisha kwa wino mwekundu na kutia sahihi, na onyo lililo katika faili la Bwana Abdurahman nimelihamishia katika langu. Mkinichagua, mtakuwa mmenichagua na hilo. Msiponichagua, nitamfundisha huyo mwenzangu mahali benchi la Kwale lilipo.

Bwana Abdurahman, sifa zilizosomwa leo ni zako kwa haki, na nimezihesabu zote kama nilivyohesabu madebe. Umeifungulia Ukunda maji na umenilinda nilipokuwa sistahili kulindwa, na kwa yote mawili nasema asante. Kosa langu nimelichukua. Hilo nakuomba usinichukulie tena. Wanachama wote wanakutakia wewe na Bi. Bimkubwa maisha mema na afya njema kule Mkongani. Mimi nawatakia hayo na zaidi, ingawa imenichukua miaka mitano kuweza kuyasema bila kusaga meno.