Jina Lililolala Birikani

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Morli Pol, Mzee Rasiklal. Wazee wangu mliokaa vibarazani. Walimu wangu mliovuka daraja katika joto hili la Juni. Akina mama mlioko madirishani, ambao viti vya chini havikuwatosha. Ndugu wageni waalikwa, na majirani zangu nyote: nawasalimu kwa heshima.

Naitwa Charmi. Wengi wenu mnaujua mwandiko wangu kuliko mnavyoijua sauti yangu. Tangu mkono wa Mzee Shantilal ulipoanza kutetemeka, huu ni mwaka wa nne, mimi ndiye ninayeandika ule ubao mweusi wa langoni: nani amefariki na watambeba saa ngapi, maji ya bomba yatakatika lini, kasuku wa nani ametoroka. Saa kumi na mbili asubuhi nafuta ya jana, naandika ya leo, narudi ndani kabla mtu hajanisemesha. Kwa hiyo Baraza liliponiagiza nisome historia ya jiji na ya pol yetu, mtaa huu wa lango moja, siku ya kufunua jiwe hili la kumbukumbu, bibi yangu Kanchan alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe?" akasema. "Wewe unayemnong'oneza muuza maziwa mpaka anakupa mtindi?"

Kisha akanihurumia. "Haya, mjukuu wangu. Mvua ya kwanza hatuiingizi kwenye birika la maji chini ya ua. Tunaiacha ioshe paa, ipite zake mtaroni. Hotuba ya kwanza ni hivyo hivyo. Osha paa, ushuke."

Basi naomba mnivumilie nioshe paa.

Jiji letu la Ahmedabad lina zaidi ya miaka mia sita. Kila mtoto hapa anaijua hadithi ya sungura aliyewageukia mbwa wa sultani kando ya mto Sabarmati, akawafukuza, na sultani akasema kwamba mahali ambapo sungura ana moyo wa namna hiyo, hapo ndipo atakapojenga. Sina hakika kama sungura huyo alikuwepo. Lakini wiki hii nzima, kila nilipokumbuka kwamba nitasimama hapa, nimemfikiria yeye kuliko nilivyomfikiria sultani.

Mengine mnayajua. Mnaijua ngome ya Bhadra, na milango ya jiji ambayo kuta zake zimekwisha yenyewe ikabaki imesimama. Mnavijua viwanda vya nguo vilivyowalisha babu zetu. Mnayajua madirisha ya mawe ya msikiti wa Sidi Saiyed, yaliyochongwa matawi ya mti hadi jiwe likawa jepesi kama pazia. Sidi Saiyed mwenyewe asili yake ilikuwa ng'ambo ya bahari, Afrika, na amekwisha kufa karne nyingi, lakini jina lake tunalitaja kila siku tunapomwelekeza mgeni: shuka Sidi Saiyed, pinda kushoto. Je, kuna kuishi kuzuri kuliko huko?

Sasa niwaulize. Pale Manek Chowk kuna makaburi ya malkia. Mama zetu wananunua vitambaa na bangili kwenye kuta zake. Nani hapa anaweza kunitajia malkia mmoja aliyelala pale? Mimi sikuweza. Nilikwenda kumuuliza muuza bangili mmoja, mtu ambaye amekaa pale miaka thelathini. Akanijibu, "Dada, malkia ni malkia. Unanunua au hununui?"

Na kule Asarwa kuna kisima cha ngazi, kirefu kama jumba lililogeuzwa juu chini. Aliyekijenga ni mwanamke wa nyumba ya sultani, Bai Harir. Lakini kadiri miaka ilivyopita, midomo ya watu ilimgeuza mwanamume. Leo wengi tunakiita kisima cha Babu Harir. Tumempa ndevu marehemu! Kilichomwokoa ni jiwe la ukutani. Jiwe lilichongwa jina lake mapema, na jiwe halikukubali kubadilika.

Ndiyo maana nimelichukulia jiwe la leo kwa uzito.

Nyuma yangu, chini ya kitambaa hiki chekundu, kuna majina sita ya watu wa Morli Pol. Yupo tabibu Vajeshankar, ambaye mwaka wa tauni hakufunga mlango wake hata siku moja. Yupo mpiga chapa aliyeficha mashine yake chini ya nyumba siku za utawala wa Kiingereza, ambapo karatasi moja ingemtia gerezani. Yupo mwalimu, wapo mafundi wawili. Wote wanastahili, na wajukuu zao walioko hapa wana haki ya kuinua vichwa.

Na jina la nne ni Sheth Dalichand, babu wa babu yake Mwenyekiti wetu. Jiwe linasema: aliwapa watu maji mwaka wa njaa kuu.

Hapa naomba nisiharakishe.

Birika lilikuwa la Sheth Dalichand, hilo ni kweli. Ndilo hili lililo chini ya ua wa nyumba ya kwanza, lenye kina cha watu watatu waliosimama mmoja juu ya mabega ya mwingine. Alilichimba, akalipaka chokaa, akatandika mabomba kutoka paani. Kazi njema, na mpaka leo halivuji. Lakini mwaka ule tunaouita wa Hamsini na Sita kwa kalenda yetu ya kale, zaidi ya miaka mia iliyopita, mwaka ambao mto uligeuka njia ya vumbi na ng'ombe wakafa wamesimama, Sheth alikuwa Mumbai kwa biashara ya pamba. Watu wa familia yake wenyewe husema hivyo, na hawaoni haya, kwa nini waone? Ufunguo wa birika alimwachia mjane wa mdogo wake, na agizo likawa fupi: maji ya nyumba ni ya nyumba.

Mjane yule alikuwa mtu wa kula wa mwisho na kusema wa mwisho. Siku ya tatu ya kuona watoto wa jirani wanalamba mtungi mkavu, alifungua kifuniko cha birika na kufungua lango la ua. Alitumia mtungi wake mwenyewe wa shaba kuwa kipimo. Ndani aliukwaruza alama tatu: ya juu kwa nyumba yenye mgonjwa au mama anayenyonyesha, ya kati kwa nyumba yenye watoto, ya chini kwa wengine wote. Hakuuliza mtu ni wa jamii gani. Nyumba yake mwenyewe aliipimia alama ya chini.

Jirani mmoja alimwogopea. "Sheth akirudi utamwambia nini?"

"Nitamwambia birika limevuja."

"Limevujia wapi?"

"Kooni."

Alipima hivyo mpaka mvua ya mwaka uliofuata. Siku hiyo, bibi zetu wanasema, aliuachia mtungi wake uzame birikani, akasema kipimo kimemaliza kazi. Sheth aliporudi, mvua bado haijalijaza, alilikuta birika lake karibu limekauka na pol yake nzima iko hai. Hakumfukuza. Alimrudishia ufunguo mkononi. Kwa tendo hilo moja mimi nasema Sheth anastahili jiwe, na ningemchonga mwenyewe kama ningekuwa na nguvu ya mkono.

Lakini yule mjane? Hadithi hii sikuikuta kwenye kitabu. Imetoka jikoni kwa bibi yangu, ambaye aliipata jikoni kwa bibi yake. Na jikoni zote za pol hii humwita kwa namna moja tu: Mama wa Chandu.

Mwezi wa Machi, nilipomaliza mtihani wangu wa mwisho wa shule, nilikwenda mbele ya Baraza na karatasi mkononi. Niliomba awemo. Mzee Rasiklal alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Chandu gani, binti? Pol hii imezaa akina Chandu kumi na watano."

Wazee wakacheka. Mmoja akasema, "Mchongeni Chandu, mama yake atajijua."

Mwenyekiti akawanyamazisha. Akaniambia, na namnukuu kwa heshima kwa sababu niliandika palepale: "Jiwe si ubao wako wa chaki. Jiwe halichongwi 'mama wa fulani'. Leta jina, tutalichonga."

Nilikasirika, nikiri. Lakini niliporudi nyumbani hasira ilinigeukia mwenyewe. Mwaka jana alifariki jirani yetu wa nyumba ya saba, aliyekuwa ananipa mkate mkavu wa jira kila nikienda shule. Asubuhi ile mwanawe alinipigia kelele kutoka ngazini, nami nikaandika ubaoni kwa mkono huu: Mama wa Jignesh amefariki. Wote mlielewa, mkaja, mkalia. Nilikula kwake miaka kumi, na jina lake sikulijua. Nani aliwahi kumwita? Basi tusiwacheke waliomsahau mjane. Kosa hilo tunalifanya kila asubuhi, na chaki ilikuwa mkononi mwangu.

Niliuliza nyumba hadi nyumba. Mheshimiwa, mtu mwenye haya akiamua kugonga milango arobaini na mbili, jueni ameamua. Hakuna aliyelijua.

Kisha ikaja siku ya kusafisha birika, Alhamisi iliyopita, kabla ya mvua kama ilivyo desturi. Miaka kumi na tisa lilikuwa halijafunguliwa, na matope ya chini kabisa hayakuwahi kuzolewa yote. Bhikhabhai msafishaji alifunga kamba kiunoni, akaniita. "We binti wa ubao! Njoo ushike kioo. Kimya chako kitafaa leo, hutanitingishia mwanga."

Nikashika kioo pale jua linapoingia uani, nikalielekeza jua lishuke mdomoni mwa birika. Mwanga ukapita kwenye maji kidogo yaliyobaki, ukatembea sakafuni, ukagonga kitu, kikameta.

"Usisogee!" Bhikhabhai akapiga kelele kutoka chini. "Hata ukiumwa na mbu, usisogee!"

Aliupandisha mtungi wa shaba, umebonyea ubavu mmoja, umekuwa mweusi kama sufuria ya harusi isipokuwa ukingo. Bibi yangu aliingiza mkono ndani kabla ya mtu yeyote kusema neno. Vidole vyake vikatembea, vikasimama. "Moja," akasema. "Mbili." Kisha akakaa chini kwenye jiwe la ua. "Tatu."

Tuliusugua kwa ukwaju na majivu. Na ninyi akina mama mnajua binti wa Kigujarati haolewi bila vyombo, na vyombo haviondoki kwa baba yake bila kupigwa jina, nukta kwa nukta, shingoni. Mume atampa jina la ukoo, mtoto atampa jina la mama; lakini mtungi unaendelea kumwita kama alivyoitwa nyumbani kwao. Nukta zikatokea moja baada ya nyingine chini ya kidole gumba cha bibi yangu. Zinasema: Ujam, binti wa Lallubhai, wa mji wa Kapadvanj.

Ujam.

Nilikimbia, mimi ambaye sikimbii, mpaka kwa Mzee Rasiklal na mikono yangu ikinuka ukwaju. Aliugeuza mtungi, akazisoma nukta. Akasema, "Binti, jiwe limeshang'arishwa, kadi zimeshatoka, Diwani ameshaalikwa. Tutaangalia mwakani."

Mzee wangu, umenibeba mabegani nikitazama tiara za Januari, na sijawahi kukujibu katika maisha yangu. Leo nakujibu mbele ya watu, kwa sababu neno lako nalo ulilitoa mbele ya watu. Ulisema nilete jina. Nimelileta. Ule pale, mtungi uko mezani, mbele ya Mheshimiwa Diwani, kati ya maua na sahani ya vitafunio vya ganthiya. Yeyote mwenye shaka atie mkono ndani, ahesabu.

Jana nilimuuliza Ishwarbhai, mchonga mawe wetu, kama kuna nafasi. Alisema chini ya jina la sita kuna vidole vinne vya jiwe tupu. Kwa maandishi yetu Ujam ni herufi tatu tu. Nikamuuliza, jiwe lililokwisha kung'arishwa litakubali? Akacheka. "Binti, jiwe halichoki, ninayechoka ni mimi. Lakini herufi tatu? Kabla chai haijapoa." Namwona amekaa pale nyuma, na mfuko aliokuja nao hauna umbo la zawadi.

Simwombi mtu yeyote afutwe. Sheth Dalichand abaki palepale alipo, na maji yabaki sifa ya nyumba yake, kwa maana Ujam naye alikuwa wa nyumba hiyo. Mwenyekiti, huyu ni bibi yako pia.

Leo asubuhi, kabla hamjaamka, nimeandika ubaoni neno moja tu. Mliopita langoni mmelisoma, baadhi yenu mkauliza ni nani amefariki. Kesho saa kumi na mbili nitalifuta, kwa kuwa ndiyo desturi ya ubao, na nitaliandika tena. Kesho kutwa hivyo hivyo. Julai naanza chuo ng'ambo ya mto. Nitavuka daraja nikiwa nimeshaandika. Vifo nitaviandika chini yake, kila mwanamke kwa jina lake, na nikiwa silijui nitapanda ngazi niulize. Chaki ni laini na jiwe ni gumu, lakini mimi nina asubuhi nyingi.

Au Mheshimiwa Mwenyekiti atamwita Ishwarbhai sasa hivi, kabla kitambaa hakijavutwa, na kesho nitaandika habari ya kasuku.

Nawashukuru Baraza kwa kuniamini na historia hii, walimu wangu kwa kunifundisha kuuliza, Bhikhabhai kwa kamba yake, na bibi yangu kwa vidole vyake. Bibi, paa nimeliosha. Asanteni nyote kwa kumsikiliza mtu mliyezoea kumsoma. Mzee Rasiklal, nakaa chini. Neno ni lako.